Siku Nilipoombea Kazi kwa Miguu ya Babu

Chekeni tu, maana hata mimi nikipita stesheni ya Tabora mpaka leo uso unapata moto, na yote yalianza pale nilipoamua kuiremba kidogo barua ya kuomba kazi.

Enzi hizo za Mwingereza reli ilitaka karani wa mizigo, na mwombaji aeleze kazi alizokwisha kufanya. Mimi nilikuwa utingo wa lori la pamba kule Igunga, kazi ya vumbi na matusi, nikaona haya kuiandika (kijana niliyesoma kwa mapadri, niseme mimi utingo?). Nikaikumbuka kazi ya marehemu babu, aliyeongoza wapagazi wa misafara ya pwani. Nimerithi jina lake, na kwetu Lusu ukirithi jina umemrithi na mtu: shangazi zangu huniita baba, bibi huniita mume wangu. Basi kama mimi ndiye yeye, safari zake si zangu? Nikaandika: nimebeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo, nimeongoza wapagazi, nimeoa.

Nikaitwa. Bibi akasema hawezi kumwachia mumewe aende mjini peke yake, akajifunga kanga yake mpya, tukaenda.

Mzungu wa reli alikuwa ameketi palepale kwenye jukwaa la stesheni, abiria wamejaa wakingoja gari moshi, akamwachia karani mkuu anihoji kwa Kiswahili. Karani huyo, Bwana Seif, mwenyeji wa mjini, alikuwa na sauti ya muadhini.

"Umebeba pembe mpaka Bagamoyo?"

"Ndiyo, bwana."

"Kwa miguu, kabla ya reli?"

"Ndiyo, bwana."

"Ulikuwa umezaliwa?"

Jukwaa zima likaangua kicheko. Jasho likanitoka, nikasema nina shahidi, nikamsogeza bibi mbele (laiti ningenyamaza!).

"Shikamoo, mama. Huyu ni nani wako?"

"Marahaba, baba. Huyu ni mume wangu," bibi akajibu bila hata kutabasamu. "Alinioa aliporudi kutoka pwani. Mahari alileta majembe."

Watu walikaa chini kwa kucheka. Mzungu akatafsiriwa, akafuta machozi, akanirudishia barua yangu. Kazi imekwenda! Nikauona msimu mwingine wa vumbi unaningoja Igunga, na roho iliniuma kweli.

Nikageuka niondoke, ndipo nikawaona wachukuzi wakipakia behewa, magunia ya mpunga ya kushushwa Tura wameyasukuma ndani kabisa na mizigo ya Dar es Salaam wanaiweka mlangoni, na Tura hapo karibu tu! Sauti ya kiutingo ikanitoka yenyewe: "Nyie! Tura mlangoni, Dar es Salaam ndani! Mnataka kushusha behewa zima pale Tura?" Wakatii kabla hawajajua nani anawaamuru. Nikaruka behewani, koti la kuazima likachanika mgongoni, sikujali, nikapanga kama ninavyopanga lori, mzigo wa kushuka mwisho unaingia kwanza, na behewa likawa tayari kabla ya saa ya gari kuondoka.

Nilipogeuka, Bwana Seif alikuwa nyuma yangu.

"Na hii umeirithi?"

"Hapana, bwana. Hii yangu mwenyewe. Mimi ni utingo, Igunga."

"Sasa mbona hukuiandika, mwanangu?"

Akanipa karatasi, nikaandika upya nikiwa nimeinamia gunia: utingo wa lori la pamba, najua kupanga mizigo na kusimamia watu. Basi. Mzungu akasomewa kwa Kizungu, akanipa mkono. Mimi, karani wa reli, jamani! Wale wale walionicheka wakanipigia makofi, na vigelegele vya bibi vikashinda honi ya gari moshi. Sijapata kufurahi vile.

Njiani bibi akataka kujua barua iliyonipa kazi imesema nini. Nikamtajia yote. Akanuna.

"Na mimi je? Mkeo umenifuta?"

Tangu siku ile sijaombea kazi kwa miguu ya mtu mwingine, na sitaombea. Ila mshahara wa kwanza ulipotoka nilimpelekea bibi jembe jipya, naye akalipokea kwa mikono miwili mbele ya majirani, akasema ndoa yetu imerudi.