Toronto Hadi Malava

Mwalimu aliyenifundisha jiografia amefariki, nasi tumemzika kwao Malava. Tangu siku hiyo situlii. Hata aya hii nimeianza mara nne. Watu wengi watamkumbuka kwa tufe lake la dunia, lililopauka bahari zote, na uzi wa kushonea aliouweka mfukoni. Ungemtajia miji miwili, angelaza uzi juu ya tufe, aukaze, aupime kwa rula, kisha atangaze kilomita. Binti yake wa kwanza alipokwenda Toronto kufanya kazi ya uuguzi, mzee alinionyesha: kilomita elfu kumi na mbili hivi. "Kwa ndege hiyo ni masaa kumi na nne tu," akaniambia. "Huyu hajaenda mbali." Hakuwahi kupanda ndege, na mimi pia sijapanda.

Alifariki Jumatatu. Jumatano ukoo ulipokutana, binti alikuwa ameshapiga simu kwenye posta ya hapa kusema anaondoka Alhamisi jioni. Mdogo wake marehemu akanigeukia mbele ya watu.

"Wewe ndiye ulisomea kwake. Huyu mtoto atafika lini?"

Nikahesabu kwa sauti, kwa madaha ya msomi: Ijumaa Nairobi, Jumamosi asubuhi nyumbani.

"Basi Jumamosi alfajiri vijana wachimbe," akasema. "Lakini mnajua, kaburi ikishachimbwa hatuiachangi ilale wazi."

Hakuna aliyeuliza ndege inapitia wapi. Ilipitia London, ikachelewa, na ile ya pili ikawa imeondoka; binti akakaa uwanjani siku nzima akingoja nyingine. Sisi huku nyimbo ziliisha zikarudiwa, mvua ikatanda, nami nikawa natoka kuchungulia barabara kila dakika. Saa kumi na mbili jioni wakamshusha mwalimu kaburini. Nilishika sepetu pamoja na wengine.

Miaka hii karibu kila boma lina mtoto ng'ambo, na sisi tuliosoma kidogo tumejifanya wajuzi wa safari zao. Tunapiga hesabu ya mwendo wa chombo kilicho angani. Hatuhesabu ruhusa ya mwajiri, foleni za pasipoti, saa za kusinzia kitini, wala ule mwendo wa kutoka Nairobi hadi huku kwetu. Tena tunajibu haraka, kwa sababu kusema "sijui" mbele ya wazee kunatuuma.

Binti alifika Jumapili asubuhi, koti la baridi bado mkononi. Nilimwendea nikamwambia wazi kwamba hesabu ilikuwa yangu. Nilitamani anitukane. Aliuliza tu, "Kichwa kiko upande gani?" Nikamwonyesha, akapiga magoti kwenye udongo mbichi, akaanza kumsalimia baba yake.

Nikiulizwa tena katika mkutano wa mazishi, nitasema sijui. Na nitaomba jembe lisiguse ardhi mpaka aliye safarini awe amesimama uani.