Nilivyosoma Mizinga ya Vifaru kwa Ajili ya Mume Wangu

Mume wangu alipopata kiharusi, alibakiwa na neno moja tu: "Oya." Kwa Kinyarwanda maana yake ni "hapana", na yeye alilitumia kwa kila kitu. Ukimuuliza kama anataka chai, anasema "oya" huku mkono wake wa kushoto unakifuata kikombe. Ukimuuliza kama mguu unauma, "oya," na machozi yanamtoka. Daktari alitueleza kwamba anaelewa yote tunayosema. Kilichoharibika ni njia ya kuyatoa maneno.

Alikuwa fundi wa injini za dizeli, mwenye gereji yake mtaa wa Gikondo, na alikuwa mtu wa maneno mengi. Sote wawili tulikulia Tanzania, watoto wa wakimbizi, kwa hiyo hapa nyumbani kwetu Gisozi Kiswahili ndicho tunachogombania na kuchekea. Jambo alilopenda kulizungumza kuliko yote lilikuwa mizinga ya vifaru vya Wajerumani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Aliikuta kwenye kitabu chakavu cha picha akiwa shuleni, na haikumtoka tena kichwani.

Mimi sikuielewa hamu hiyo. Nchi hii imeona vita vya kutosha. Nani anataka kula chakula huku anasikia habari za mizinga? Nilimwambia hivyo siku moja, na alinijibu bila kukasirika.

"Vita sivipendi, mama watoto. Vile vitu vilitengenezwa kuua, na wengi waliofanya kazi kwenye viwanda vile walilazimishwa. Lakini mimi ni fundi. Nikisikia fundi mwenzangu alipewa tatizo, nataka kujua alilitatua vipi."

Basi nilimwacha na mafundi wake wa mizinga, nikaendelea na mambo yangu.

Baada ya kiharusi tulipelekwa kwa mtaalamu wa kuwafundisha watu kusema upya, dada mmoja mpole, umri wa binti yangu. Alimwonyesha mume wangu picha za ng'ombe, kiti na sufuria. Mume wangu aligeuza uso ukutani. Mara ya tatu alipofanya hivyo, yule dada aliweka picha chini akanigeukia.

"Mama, mzee alipenda kuzungumza nini?"

Niliona haya kidogo. "Mizinga ya vifaru," nikasema.

Hakucheka. "Basi nenda ukamzungumzie mizinga."

Binti yangu alinitafutia makala kwenye simu. Yalikuwa ya Kiingereza, nikawa nayasoma kimya na kumsimulia kwa Kiswahili changu, tumekaa barazani mchana, huku mashine za kuranda mbao zikilia kule chini Agakiriro, kwenye karakana za maseremala. Siku ya kwanza nilianza na mzinga wa milimita themanini na nane, maana ndio niliokuwa nimesikia akiutaja mara nyingi.

"Wajerumani waliutengeneza mzinga huu kwa ajili ya kupiga vifaru," nikasema.

"Oya."

Nikaendelea, kwa kuwa oya tulishaizoea.

"Oya," akasema tena, safari hii kwa nguvu. Akainua kidole juu. Midomo yake ikahangaika, shingo ikakakamaa, kisha neno likatoka: "Ndege."

Niligeuka nikaangalia waya wa umeme mbele ya nyumba, ambako shomoro walikuwa wametua. "Ndiyo, ndege," nikasema. "Wako wengi leo."

Akatikisa kichwa kwa hasira. Akapiga mkono wa kiti. "Ndege. Piga."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nikachukua simu nikasoma vizuri zaidi, na kweli: mzinga ule mwanzoni ulitengenezwa kutungua ndege za kivita. Ulikuja kuelekezwa kwa vifaru pale ilipoonekana kwamba kombora lake, kwa mwendo lililokuwa nao, linatoboa mabamba ya chuma ambayo mizinga mingine haikuyaweza. Baadaye ndipo wakaufanyia mabadiliko na kuufunga kwenye kifaru kizito. Mume wangu alikuwa amenisahihisha. Nilimshika mkono nikalia, na yeye akanitazama kama mtu anayeshangaa kwa nini mwanafunzi wake analia badala ya kusoma.

Nilipomweleza yule dada, alifurahi sana. "Endelea kukosea, mama," akasema.

Kumbe kukosea vizuri kunataka kusoma. Ilibidi niijue habari yenyewe ili nijue pa kuipindisha. Nilisoma jinsi kifaru chao cha kati kilivyoanza na mtutu mfupi, wa kusaidia askari wa miguu, kisha wakakutana na vifaru vya Warusi vyenye mabamba yaliyolala mshazari, na makombora yao yakawa yanateleza. Ikawabidi warefushe mtutu. Mimi nikamwambia mume wangu kwamba waliufupisha.

"Oya. Refu," akasema. Kisha, baada ya kuhangaika: "Refu. Kasi."

"Kwa nini urefu ulete kasi?" nikamuuliza. Hili sikulipindisha, kweli sikujua.

Akaomba kwa ishara mirija. Yule dada alikuwa ametupa mirija ya kufanyia mazoezi ya kupuliza, ili midomo ipate nguvu, na mume wangu alikuwa ameikataa kabisa. Sasa akataka mmoja ukatwe. Akaviringisha karatasi ndogo kwa vidole vya mkono wake mzima, akaitia kwenye kipande kifupi cha mrija, akapuliza. Karatasi ikaanguka mapajani. Akatia nyingine kwenye mrija mzima, akapuliza, ikaruka hadi kwenye pazia la mlango. Pumzi inaisukuma kwa muda mrefu zaidi kabla haijatoka. Nililiona kwa macho yangu. Tulipuliza mchana kutwa. Binti yangu alirudi kutoka kazini akakuta karatasi zimetapakaa baraza nzima na baba yake anacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Tukaendelea hivyo. Tukafika kwenye ule wa themanini na nane uliorefushwa zaidi, na ule mkubwa kabisa wa milimita mia na ishirini na nane, uliokuwa mzito kiasi kwamba kombora na baruti yake vilipakiwa kimoja kimoja. Nilipomuuliza kama basi huo ndio uliowapa ushindi, alinijibu polepole, sentensi yake ndefu kuliko zote hadi siku ile: "Mzito sana. Daraja hapana. Mafuta hapana. Bure." Yaani kifaru chake kilikuwa kizito mno kwa madaraja, na mafuta hayakukitosha.

Maneno mengine yalianza kuja kwa mgongo wa hayo. "Mzito" alilitumia kwa mguu wake. "Refu" alilitumia kwa mahubiri ya Jumapili. Kinyarwanda nacho kilirudi, taratibu, kupitia majirani waliokuja kumsalimu baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa ya kila mwisho wa mwezi, na hawakuchoka kumsubiri amalize neno.

Mchana mmoja nilikuwa namsomea, tena nimechoka, maana nilikuwa nimefua tangu asubuhi. Nikasema kosa langu makusudi, nikasubiri. Hakusahihisha. Alikuwa ananitazama usoni.

"Umekula?" akauliza.

Nikamwambia bado.

"Kula kwanza," akasema.

Nilikwenda jikoni nikapakua chakula, nikakaa nacho karibu yake, nikala, naye akiniangalia hadi nikamaliza. Sikumbuki chakula kilichonipa furaha kama kile.

Hajarudi kuwa yule wa zamani, na gereji sasa inaendeshwa na mdogo wake. Lakini anazungumza. Namshukuru Mungu, namshukuru yule dada ambaye hakucheka, na ninamshukuru hata yule asiyejulikana aliyeacha kitabu cha picha kwenye shule ya watoto wa wakimbizi. Asubuhi mume wangu huniuliza nimelalaje, kisha hungoja nimjibu.