Kitovu cha Ufa

Marceline Kabamba alifundisha darasa la sita huko Shituru, mtaa wa migodi, na wanafunzi walimjua kwa swali lake: "Unajua namna gani?" Jibu sahihi halikumtosha. Ukisema pembetatu mbili ziko sawa, utazikata kwenye karatasi, uzilaze moja juu ya nyingine, ueleze.

Mvua zilipoanza, sakafu ya darasa ilianza kugonga. Ilikuwa sauti ndogo, kama mtu anayebisha hodi kwa kidole kimoja. Direkteri Philippe, mkuu wa shule, alisema ni mitambo ya kiwanda cha jirani. Lakini umeme ulipokatika na kiwanda kikanyamaza, sauti iliendelea. Watoto wakawa wanakaa wamekunja miguu juu ya mabenchi.

Asubuhi moja wakakuta ufa uani, umepinda vizuri kama uliochorwa kwa bikari. Glodie, msichana asiyependa kusema, aliutazama sana.

"Madame, hii iko kipande ya duara."

"Unajua namna gani?"

Glodie akaomba kamba. Akaunganisha nukta mbili za ufa, akatafuta katikati, akaweka ekere, ile rula ya pembetatu, kupata pembe mraba, kisha akavuta kamba nyingine moja kwa moja kuelekea darasani. Mwenzake Clovis akafanya vilevile kwenye sehemu nyingine ya ufa. Kamba zikapita mlangoni, zikakutana chini ya benchi la Clovis mwenyewe. Hapohapo pakagonga. Vumbi likaruka.

Marceline akauliza, "Kama iko duara, ule upande mwingine ufa itakuwa wapi?"

Wakapima urefu kutoka makutano hadi ufa, wakapitisha kamba ileile kwenye dirisha la nyuma, mahali ambapo hakuna aliyekuwa amekanyaga tangu mvua zianze. Glodie akapekua majani kwenye ncha ya kamba. Ufa ulikuwepo, umewasubiri: ulikuwa umelizunguka darasa lote.

"Batoto, mutoke bote," alisema Marceline kwa sauti ya chini.

Direkteri alikuja akikunja uso. "Mama, utafunga kalasi sababu ya kamba?"

"Ndio vile, Bwana Direkteri. Unionyeshe kwa kamba fasi tulikosea."

Direkteri alizikagua kamba moja baada ya nyingine. Kisha akafunga mlango kwa kufuli.

Kabla ya adhuhuri sakafu ilishuka, polepole, na mabenchi yakaifuata. Watu walioteremka shimoni kwa ngazi walikuta njia ya chini kwa chini ya wachimbaji wa siri, mpya, na tochi bado inawaka. Mtu hawakumkuta. Walitangaza habari hiyo Shituru nzima, hadi mji wa Kakanda. Hakuna familia iliyosema imepoteza wa kwao.

Darasa lilihamia ukumbi wa kanisa. Siku ya kwanza Marceline aliingia peke yake, akapiga magoti, akalaza sikio kwenye saruji. Watoto walisimama mlangoni.

"Madame, unasikia kintu?"

Akahamia kona nyingine, akasikiliza tena, hadi akamaliza zote nne. Ndipo akainua mkono kuwaruhusu kuingia.