Sauti ya Aune Ndani ya Kache

Reino Lahti, jirani yangu hapa Thunder Bay, alikuwa mchomeleaji kwenye maghala ya nafaka bandarini hadi alipostaafu. Mkewe Aune alijua hadithi za wazee wetu Wafini kuliko mtu yeyote mtaani. Reino alikuwa akimrekodi jikoni akisimulia huku mikate ya iliki ikiiva, kisha akaziweka rekodi hizo kwenye tovuti yake, pamoja na picha za samaki aliowavua chini ya barafu.

Aune alipofariki, Reino hakuufungua tena ukurasa wa hadithi.

"Nitasikiliza nikiweza," aliniambia. Alitazama picha za samaki tu.

Maandishi ya tovuti yalikaa kwenye seva aliyoikodi Toronto. Sauti na picha, kwa uzito wake, zilikuwa kwenye diski ya kompyuta yake, katika chumba cha chini ya nyumba. Seva ilizichukua huko mara moja tu, ikabaki na nakala kwenye kache yake, yaani hifadhi yake ya muda, ili mgeni anayefuata asingoje. Na kwa kuwa umeme wetu hukatika theluji ikichachamaa, Reino aliiagiza seva hivi: kompyuta ya nyumbani isipoitika, toa nakala uliyo nayo, usilalamike. Kwa hiyo diski ilipokufa, hakuna aliyejua. Kila kitu kiliendelea kufunguka.

Vuli ile nilikuwa kwake tukinywa kahawa, Helmi, dada yake Aune, akapiga simu kutoka Sudbury.

"Shemeji, tovuti yako inajikokota kama wewe ukitoka sauna!"

"Simu yako ndiyo kikongwe, Helmi."

"Usiisingizie simu yangu. Kila Jumapili nilikuwa namsikiliza dada. Tangu Pasaka nimeacha. Nilikuwa nangoja mpaka kahawa inapoa, bado kimya."

Maneno yale yalimchoma. Akachunguza, akaona kache imefura hadi kuikaba seva. Akaipunguza, akaacha robo tu. Kanuni ya kache ni kwamba ikizidi kipimo, kisichoguswa muda mrefu ndicho hutupwa kwanza. Hakuwa na wasiwasi. Kinachotupwa huletwa tena kutoka nyumbani kikihitajika.

"Eskola, njoo uone!" aliniita. "Inaruka sasa!" Alicheka, na tangu Aune afariki hakuwa mtu wa kucheka.

Siku ya kumbukumbu ya Aune alijikaza. Akampigia Helmi ili wasikilize pamoja. Ukurasa ukafunguka papo hapo, maneno yote yapo. Akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena.

Kache ilikuwa imezitupa sauti, ambazo hazikuguswa tangu Pasaka. Alishuka chini. Diski haikusomeka, na nakala ya akiba aliyojivunia ilikuwa kwenye folda nyingine ya diski hiyohiyo. Mafundi waliirudisha ndani ya mfuko, wakasema uso wake umekwaruzika, hakuna cha kuokoa.

Nilikuwepo alipompa Helmi habari kwa simu.

"Ni mimi," Helmi akasema. "Ningevumilia tu kungoja na kusikiliza, sauti yake ingekuwepo."

"Wewe ulisikiliza, shemeji. Mimi ndiye niliyemkimbia. Hebu niambie, ile hadithi ya dubu aliianzaje?"

Helmi akajaribu kumwiga dada yake, akiishusha sauti na kuivuta kidogo mwishoni. Reino alikuwa amefumba macho. Alitikisa kichwa, sivyo. Lakini Helmi hakuweza kumwona kwenye simu.

"Endelea," akamwambia.