Dumu Miguuni mwa Mama Godwin

Mimi ndiye niliyesema ni gasketi ya injini imeungua, tena nilisema kwa sauti ili gereji nzima isikie. Maji ya rejeta yanapungua, chini ya gari hakuna hata tone. Yaende wapi kama si injini inayanywa? Nikamwambia mwenye gari, Mzee Dastani, tufungue injini, pikapu ikae wiki tatu.

Mzee akanywea. Wiki tatu hakuwa nazo. Kila Alhamisi alimshusha mkewe, Mama Godwin, kutoka Newala hadi hospitali huku Masasi kusafishwa kidonda cha mguu, na kidonda kilikuwa kimegoma kukauka. Daktari alishaanza kutaja kukata.

Fundi mwenzangu Zabroni hakubishana nami. Ndivyo alivyo, na ndiyo maana hunikera. Mtu wa Lisekese, mwembamba, akipewa gari hulizunguka kwanza kama anayetafuta mbuzi aliyepotea. Akachomoa kijiti cha oili, akakinusa: oili safi, haikuingia maji. Akawasha injini, akachungulia ekzosi: hakuna moshi mweupe. Halafu akafungua mlango wa abiria, akagusa zulia. Chapachapa.

"Hilo ni dumu tu," Mzee Dastani akasema.

Dumu la maji ya akiba lilikuwa pale pale. Watu wa Newala wamekulia kwenye shida ya maji. Hawaweki dumu nyuma ya gari wasikoliona. Hukaa ndani, miguuni mwa abiria, na abiria akilowa hakuna anayeuliza.

Zabroni akauliza. Alimwendea Mama Godwin, aliyekuwa akisubiri kwenye benchi la gereji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Hayo maji yanayokulowesha njiani, ni ya baridi au ya moto?"

"Ya vuguvugu. Hasa tukianza kupanda mlima."

Masikio yangu yaliwaka kwa aibu. Tangu lini dumu likachemsha maji? Zabroni akalihamishia nyuma, akatandika boksi kavu mahali pake, akaondoka na gari kuelekea mlimani. Aliporudi, boksi lilikuwa uji. Nyuma ya dashibodi, kile kirejeta kidogo cha hita, kinachopitisha maji ya moto ya injini na ambacho hakuna aliyekikumbuka kwa miaka, kilikuwa kimetoboka. Akaunganisha mipira yake miwili ili maji yasipite tena huko, na kazi ikaisha kabla ya adhuhuri.

Mzee Dastani hakuwa akitazama gari tena. Alikuwa akitazama bendeji ya mkewe, iliyolowa hadi kwenye kifundo.

"Kumbe ndiyo haya," akasema polepole. "Miezi miwili, Mama Godwin. Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia, Baba Godwin. Kila safari. Ukasema nikae vizuri, namwaga maji."

Mzee alivua shati, akapiga magoti mlangoni akapangusa sakafu ya gari mpaka ikakauka, kisha akamshika mkewe mkono ili apande.