Gogo la Pedeli ya Kushoto

Pedeli yangu ya kushoto ilikatika penye mchanga mwingi karibu na shule, wanafunzi wakiwa wanaingia getini. Bati la pembeni lilipasuka, gogo likabaki linaning'inia kwa bolti moja, nikashuka kabla sijaanguka. Nikaisukuma baiskeli hadi ofisini nikichechemea mbele ya watoto ninaowafundisha. Hakuna aliyecheka. Wawili walikimbilia kunipokea mkoba, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Mguu wangu wa kushoto ni mfupi kuliko wa kulia tangu nizaliwe. Nikitembea, nyonga inabeba kazi isiyo yake, na jioni nashindwa hata kuinama kuokota kijiko. Lakini juu ya baiskeli sichechemei. Baba yangu, ambaye ni mchonga vinyago, Mmakonde wa kusini, ndiye aliyeligundua hilo nikiwa mdogo. Alichonga kipande cha mninga, akakifunga juu ya pedeli ya kushoto ili mguu wangu uifikie. Nyumbani tulikiita gogo, ingawa kilienea kiganjani. Kadiri nilivyokua alichonga kingine, mpaka nilipoacha kurefuka.

Sasa naishi Chanika, naye anaishi kwangu. Shule iko mbali. Bodaboda ya kwenda na kurudi kila siku siiwezi, na kwa miguu nyonga haiwezi. Bila gogo lile ningeacha kazi, na sitii chumvi.

Pedeli za zamani ziliundwa kwa vipande: mabati mawili yaliyokatwa kwa mashine, bomba katikati, raba mbili zilizoshikwa na bolti ndefu, na nati chini. Kwa kuwa ziliunganishwa, zilifunguka. Unatoa raba, unaweka gogo, unakaza, unaenda zako. Waliozibuni hawakuniwaza mimi wala mguu wangu. Walikuwa na mabati na bolti tu, na namna yao ya kufanya kazi ikaacha upenyo ambao baba aliuona.

Zilikuwa na kero moja. Gogo lilikaa upande mmoja tu, maana upande wa pili ulikuwa wa nati. Basi upande wa gogo ukawa mzito, na kila nilipoondoa mguu, pedeli ilijipindua, gogo likatazama chini. Ili kuondoka ilibidi kwanza niigeuze kwa ncha ya kiatu, jambo linalotaka subira ambayo mimi sina. Nilipokuwa mtoto, baba aliinama kila asubuhi akanishikia pedeli, gogo likiwa juu, mpaka niweke mguu. Hata nilipokuwa mtu mzima, alipokuwa karibu aliinama. Nilishaacha kumkataza.

Jumamosi iliyofuata nilizunguka maduka ya baiskeli ya Temeke mpaka miguu ikawaka moto. Kila duka lilikuwa na pedeli ile ile nyeusi, plastiki iliyomiminwa kwenye kalibu ikatoka nzima nzima. Nilinunua jozi, nikampelekea fundi baiskeli wa mtaani kwetu. Aliigeuza geuza mkononi, akaguna.

"Madam, mie siwezi kukudanganya. Hii haifungukagi. Ndo imezaliwa hivi."

"Basi toboa, tufunge gogo juu yake."

"Kutoboa nitatoboa, ila cheki hapa." Akapitisha ukucha kwenye ubavu wa pedeli. "Unaona pameinama? Ni kama ndoo, juu pana, chini pembamba. Pangenyooka ingeng'ang'ania kwenye kalibu, isitoke. Halafu ndani tupu, mbavu tu. Hiyo bolti itashika nini?"

Alitoboa hata hivyo, kwa sababu nilimkazia macho kama ninavyolikazia darasa la nne. Gogo likakaa upande, tukalikingia vipande vya tairi. Nilipoanza kupanda mlima wa kwanza, nikasikia kitu kikilia kama biskuti inayovunjika. Ufa ulianzia kwenye tundu tulilotoboa. Nikarudi nikiikokota baiskeli, nikiwa na hasira na fundi, na kiwanda, na watu wote wenye miguu miwili inayolingana.

Nikaenda Keko kwa seremala mmoja, nikamwomba anitengenezee pedeli nzima ya mti. Aliahidi vizuri sana. Lakini mashine yake ilikuwa ya kukereza miguu ya vitanda, na kinachokerezwa hutoka mviringo, hata ukikiombea dua. Alinipa kitu kinachong'aa, kizuri kama mchi wa mwarobaini, na mguu wangu haukuweza kutulia juu yake. "Sista, utazoea," aliniambia. Sikuwa na nguvu ya kubishana naye.

Mtu atauliza kwa nini sikwenda kwa baba tangu mwanzo, mtu aliye chumba cha pili nyumbani mwangu. Baba ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mara ya mwisho kushika patasi alijikata kiganja, nami nikazificha patasi zake juu ya kabati nikanyamaza. Niliogopa kumwomba. Niliogopa akishindwa atajua kwamba amekwisha, na mimi nitajua, kisha tutakula chakula cha jioni pamoja tukiwa tunajua.

Kwa hiyo nilipanda bodaboda asubuhi na kurudi kwa miguu. Nikifika nalala chali sakafuni, viatu miguuni, nikiangalia dari. Nilianza kutunga kichwani barua ya kuacha kazi. Nilichoka kiasi kwamba maneno yake yalinijia mepesi.

Jioni moja baba aliniita kutoka barazani.

"Mama, mbona baiskeli siisikii ikitoka?"

"Imeharibika, Baba."

"Wapi?"

"Pedeli."

"Ya kushoto." Hakuwa anauliza. "Hukuniambia. Niletee vyote ulivyojaribu. Na patasi zangu, ziko juu ya kabati."

Nilimletea. Alizipapasa pedeli moja moja. Ile ya Keko ilimchekesha. "Huyu mawazo yake yalikuwa kitandani," alisema. Ile ya plastiki aliiingiza vidole ndani ya mbavu zake, akaitikisa. "Nyepesi. Lakini haitaki mtu aiongezee neno." Kisha akaniambia nimwekee mguu wa kushoto mapajani. Mwanamke mzima, mwalimu wa watu, nikakaa kwenye kigoda, mguu wangu kwenye mapaja ya baba yangu, naye akaupima kwa kiganja kutoka kisigino hadi vidole. Nilitazama pembeni.

Akachukua kipande cha mninga, akachonga kwa kugusa. Patasi, kisha kidole gumba, kisha patasi. Kila alipoinua nyundo nilifumba macho, kana kwamba ningemsaidia kwa kuwa kipofu naye. Bomba la pedeli ya zamani lilikuwa zima, na gololi zake ndani. Tulitoboa mti kwa nondo iliyopata moto kwenye jiko, mimi nikiielekeza, yeye akisukuma, tukapigilia bomba katikati. Hakujikata.

Aliponipa ilikuwa nzito, ngumu, imekaa mguuni kama sandali. Ila alikuwa ameacha mti mnene juu na chini. Nikajua ni macho yale.

"Baba, hapa chini ungepunguza," nilisema taratibu. "Pamebaki na unene kama wa juu."

"Pamebaki kwa sababu nimepabakiza. Zile za zamani zilikuwa na nati chini, gogo la pili ningeliweka wapi? Hii ni mti mmoja. Ikijipindua, na ijipindue, utakuta gogo." Akakung'uta maranda kwenye kikoi chake. "Nilikuwa nakushikia. Sitakuwepo siku zote."

Niliifunga mwenyewe, nikizungusha spana kinyume, maana pedeli ya kushoto hukazwa hivyo.

Haikosi ubaya wake. Ni nzito, kilimani naisikia, na nikikata kona inaparuza mchanga. Nyonga bado inauma wikiendi.

Asubuhi ya kwanza nilipoitoa baiskeli, baba alikuja nyuma yangu akishika ukuta. Akainama kama alivyozoea, akapapasa mpaka mkono wake ukaifikia pedeli. Gogo lilikuwa juu. Akaizungusha. Gogo lilikuwa juu. Mkono wake ukabaki pale kidogo, hauna cha kufanya, kisha akauondoa, akajifutia kwenye kikoi.

"Haya, nenda," alisema. "Utachelewa."