Nyasi za Kuangaliwa

Kazi yangu ni kutembeza wageni katika chuo kikuu cha kibinafsi, kile cha zamani kilicho pembeni mwa mji wa Nakuru, na sijaona anayeifanya kunishinda. Wanaokwenda ziwani hupitia kwetu kwanza. Maharusi huja kupigwa picha. Nawaonyesha kanisa la mawe, mnara wa saa na nyumba ya mzungu aliyekuwa na shamba hapa kabla ya chuo, kisha nawamalizia na uwanja wa nyasi mbele ya kanisa. Uwanja ule haukanyagwi. Humwagiliwa maji hata kiangazi, na mgeni akitia kiatu mle namrudisha, awe nani awe nani.

Mama yangu anaishi Bahati, nje ya mji, na hakuwa amewahi kuja kuniona kazini. Mwaka ule mvua ilikataa kabisa. Majani yake ya nepia, ya kulishia ng'ombe, yalikauka, nyasi za kununua zikapotea, na ng'ombe wake wa pekee, tena mwenye mimba, akabaki mbavu tupu. Mama alikuwa ameshakubali broka wa mifugo aje Jumamosi amchukue, ampeleke buchari akachinjwe. Aliniambia hayo kwa simu kwa sauti ya kawaida tu, na nikajua ameumia sana. Nikamwambia aje Alhamisi nimtembeze, angalau apumzishe akili.

Alikuja amevaa viatu vya kanisani. Nikampa ziara kamili, ile ya wageni wakubwa, na sauti nikaipandisha. Nikamweleza habari za mnara. Akasema, "Sawa." Nikamweleza madirisha ya vioo vya rangi. "Sawa." Nikaanza kukasirika, sitaficha. Watu wanatoka ng'ambo wanabaki mdomo wazi mbele ya madirisha yale, na mama yangu mzazi anaangalia chini.

Tulipofika uwanjani akasimama. Mashine ya kukata nyasi ilikuwa ikinguruma upande wa pili.

"Hizi zinaliwa na nani?" akauliza.

"Haziliwi, Mama. Ni za kuangaliwa."

Akaacha kuangalia nyasi, akaniangalia mimi.

"Na zile zinazokatwa zinapelekwa wapi?"

Hilo halikuwa kwenye ziara yangu. Nikamwita mzee anayeendesha mashine, nikamuuliza. Akasema humwagwa nyuma ya jikoni, zinaoza huko huko. Mama hakungoja amalize, akashika njia ya jikoni. Mimi na mzee tulimkuta mbele ya lundo la nyasi mbichi, amechukua konzi moja, anainusa.

"Zimepigwa dawa?"

"Hapana, mathe. Ni maji tu," mzee akasema.

"Naweza kuchukua?"

Mzee akanigeukia mimi mwenye beji. Ningeweza kusema tuulize ofisini kwanza, na ofisini wangesema tungoje mkutano. Jumamosi isingetungoja. Nikamwambia atutafutie magunia.

Tukajaza mawili, tukashindilia kwa magoti. Njia fupi ya kufika getini, ambako pikipiki zinangoja, ni kukata uwanja. Mama akatangulia na gunia lake mgongoni. Kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe nikakanyaga nyasi zile, na kando ya uwanja walikuwa wamesimama wageni wa saa nane, wananingoja. Nikawaambia, "Karibuni, nawajia sasa hivi," nikaendelea kutembea. Sikuona haya hata kidogo.

Kesho yake mkubwa wangu akauliza ni nani aliyepita uwanjani. Nikamwambia ni mimi na mama yangu, na nikamweleza sababu. Akasema nyasi za kuoza tuchukue tu, lakini siku nyingine tuzunguke.

Jumamosi sikuweza kufanya kazi vizuri. Niliwaonyesha maharusi mnara mara mbili. Simu ilipolia niliipokea nikiwa mlangoni mwa kanisa.

"Broka amekuja," Mama akasema.

"Halafu?"

"Amemkuta anakula. Nimemwambia arudi alikotoka na lori lake."

Nikakaa pale kwenye ngazi nikalia, na beji yangu kifuani, watu wakipita. Mama alinisubiri nimalize.

"Wanakata tena lini?" akauliza.

"Jumanne."

"Basi nitakuja. Siku hiyo nitavaa gambuti zangu za shamba."